Majengo Ipi?

Ukurasa wa maana, yaani orodha ya makala zenye jina moja, katika kamusi elezo ya mtandaoni ulizaliwa kwa sababu moja: kila makala ya intaneti ina anwani yake, na anwani moja haibebi makala mbili. Ensaiklopidia za karatasi hazikuwa na tabu hiyo. Britannica iliweza kuchapa vichwa kadhaa vya jina lilelile, kimoja chini ya kingine, ikitanguliza watu, kisha mahali, kisha vitu. Msomaji alishuka na kidole mpaka akafika.

Wikipedia ilipoanza Januari 2001, programu yake ilitambua kiungo pale tu maneno yalipobanana na kuwa na herufi kubwa katikati. Mabano ya mraba ya kuandikia viungo yaliingia mwaka uleule, jina lolote likaandikika kama lilivyo, na majina yakaanza kugongana. Wikipedia ya Kiswahili ilifuata 2003. Dawa iliyozoeleka ni mabano ya kawaida: jina kwanza, kisha mji au fani inayolitenga na wenzake. Majina yote yakaorodheshwa kwenye ukurasa wake, ambao wahariri wa Kiswahili waliuita "maana" tu.

Hakuna jina linaloonyesha kazi hiyo vizuri kuliko Majengo. Ipo Majengo ya Mombasa, ipo ya Nairobi kule Pumwani, ipo ya Dodoma yenye soko lake, ipo ya Moshi, ipo ya Songea, na orodha haijaisha. Kila moja ina wazee wake, misikiti na makanisa yake, na wakazi ambao wakisema "nakaa Majengo" mbele ya jirani hawaulizwi zaidi. Ndani ya kamusi elezo moja, wote hao wanakutana mlango mmoja.

Nani apewe jina tupu, lisilo na mabano? Kanuni iliyokua polepole inasema apewe yule anayetafutwa na wasomaji wengi, au mwenye uzito wa kudumu. Kwa Mwanza jibu ni rahisi: jiji la kando ya Ziwa Viktoria libaki na jina, Mwanza ya Malawi ivae mabano, na juu ya makala ya jiji uwekwe mstari wa kumwelekeza aliyepotea. Kwa Majengo hakuna mwenye haki kuliko mwenzake. Jina tupu likawa orodha: mstari mmoja kwa kila mahali, kiungo kimoja, maneno machache ya kumwezesha msomaji kuchagua. Hiyo ndiyo haki yenyewe, kwamba mtaa wa Songea ukae sawa na mtaa wa Nairobi.

Kazi ngumu ilikuwa nyuma ya orodha. Kila kiungo kilichoelekea "Majengo" kilipaswa kufunguliwa, sentensi isomwe, na swali liulizwe: hii ni ipi? Soko linalotajwa ni la wapi? Shule hiyo iko mkoa gani? Ilikuwa kama kuchambua mchele: punje kwa punje, na mlaji hajui nani alichambua. Wahariri wa kujitolea walifanya hivyo bila malipo, na usahihi wa makala nyingi ulitegemea subira yao.

Mwaka 2012 ikaja Wikidata, hazina ya data inayoshirikiana na Wikipedia, ikakipa kila kitu namba yake, na mashine zikapata njia ya kuvitofautisha. Simu nazo zikaleta majibu ya papo hapo. Kijana wa leo anaandika Majengo, anapewa moja, anaamini ni hiyo tu. Kurasa za maana nazo zimeharibiwa na wanaozijaza ufafanuzi wa kamusi na majina yasiyo na makala, hadi aliyekuja kuchagua njia anakuta msitu.

Namba za mashine hazijaondoa haja ya orodha, kwa sababu msomaji hutafuta kwa jina. Anayeandika makala mpya kuhusu mahali penye jina la wengi aanze kwenye ukurasa wa maana, aongeze mstari wake, kisha arekebishe viungo vyote kabla ya kuondoka.