Fundi, Umejuaje?

Leo udi na mapishi naviweka pembeni, nataka tuzungumze habari ya gari. Najua kuna shoga atasema haya ni mambo ya wanaume. Lakini gari ikizima njiani na pesa ya kuitengeneza inatoka kwenye mkoba wako, basi jambo hilo ni lako.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua kuwa tulihamia Itumba kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Kwa asiyepajua, Itumba ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, huko milimani karibu na Malawi. Mimi mtoto wa Unguja, niliyezoea joto na upepo wa bahari, huku naamka na ukungu na sweta. Nauza kanga, vitenge na viungo, na mzigo wangu naufuata Tunduma. Unapita barabara kuu hadi Mpemba, kisha unaishika lami ya kwenda Isongole, vilima na kona mpaka ufike. Kwa hiyo kigari changu cha Kijapani ndicho mguu wa biashara yangu.

Msimu wa mvua uliopita kikaanza vituko. Asubuhi kinawaka vizuri, kikishapata moto kinazima. Ukikiacha nusu saa, kinawaka tena kama hakijafanya kitu. Ile taa ya injini kwenye dashibodi inawaka na kuzimika inavyotaka yenyewe. Siku moja kilizima kwenye mteremko, mwanangu amekaa nyuma. Usukani ukawa mzito, breki ikawa ngumu kama jiwe. Alhamdulillah, tulisimama salama. Ila kutoka siku ile nilijua hili si la kusubiri.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akachungulia, akafunga. "Mama, kontroli boksi imekufa. Lete laki saba nikuagizie Dar."

Nikamuuliza, "Fundi, umejuaje?"

Akacheka. "Hizi nimezizoea."

Jamani, laki saba ilikuwa zamu yangu yote ya upatu, nayo ilishapangiwa ada ya skuli. Nikamshukuru, nikachukua ufunguo wangu.

Jirani akanielekeza kwa fundi umeme mmoja kijana, mtaratibu, mwenye mita yake na mashine ya kupimia. Neno lake la kwanza lilinituliza: "Kompyuta ya gari huwa ya mwisho kushukiwa, mama. Tuanze na vya rahisi."

Hiyo kontroli boksi ni kitu gani?

Ni kisanduku chembamba cha bati, ndani yake mna kompyuta. Magari mengi ya Kijapani huwa nayo nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria au chini ya dashibodi. Inapokea habari kutoka kwenye sensa: injini ina joto gani, hewa inaingia kiasi gani, shafti inazunguka vipi. Kisha inaamua nozeli zimwage petroli kiasi gani na plagi zitoe cheche wakati gani. Ikichanganyikiwa, injini nzima inachanganyikiwa nayo.

Lakini kompyuta inaweza kuonekana mgonjwa kumbe inadanganywa. Betri iliyochoka, fyuzi iliyolegea, waya wa ethi ulioshika kutu au sensa moja mbovu, vyote vinaweza kuleta dalili zilezile.

Alivyopima

Kwanza betri. Ikiwa imepumzika isome kama volti 12.6, injini ikiwaka ipande kwenye 13.5 hadi 14.5. Ilikuwa sawa. Akaenda kwenye fyuzi, rilei na nyaya za ethi, akazisafisha na kuzipima. Sawa.

Akachomeka mashine. Zikatoka kodi kadhaa, moja wapo P0606. Akanieleza kuwa hiyo ni kompyuta inayojishtaki yenyewe, kwamba ndani yake kuna hitilafu. "Lakini hata ikijishtaki, bado tunatafuta ushahidi," akasema.

Sensa nyingi zinalishwa umeme wa volti 5 na kompyuta. Kwenye gari yangu volti hiyo ilikuwa inacheza. Akazichomoa sensa moja moja huku akiangalia mita. Kama volti ingetulia baada ya kuchomoa mojawapo, basi mkosaji angekuwa sensa hiyo. Akamaliza zote, haikutulia.

Hapo akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia gereji: "Mama, unaweza kupata draya ya nywele?"

Saluni ilikuwa hatua chache tu. Nikaazima. Akakitoa kisanduku nje kidogo nyaya zikiwa zimeunganishwa, akawasha injini ikiwa bado baridi, akakipuliza joto la wastani. Haukupita muda, injini ikazima. Akakiacha kipoe, ikawaka. Akapuliza tena, ikazima tena. Mashoga zangu, nilisimama pale nimeshika kiuno. Ugonjwa ulionitesa wiki nzima umeitwa mbele ya macho yangu, ukaitika.

Alipokifungua akaniita nione. Pini zina ukoga wa kijani, na njia nyembamba za shaba zimeliwa. Akaniambia zikipata joto zinatanuka na kuachana. Kisha akagusa zulia chini ya kiti cha abiria. Limelowa! Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umechoka, na maji ya mvua za Ileje yalikuwa yakichuruzika kimyakimya mpaka kwenye kompyuta.

Sasa nisikilizeni. Fundi wa kwanza alipatia. Kontroli boksi ilikuwa imekufa kweli. Lakini alibahatisha, na kubahatisha hakukuambii sababu. Ningemlipa laki saba, angefunga nyingine juu ya zulia lilelile bichi, na mvua ingeiua hiyo nayo. Kupima ndiko kulikotuonyesha maji.

Wala msidhani ni magari ya zamani tu. Mwaka 2010 Toyota iliita zaidi ya magari milioni moja ya Corolla na Matrix, ya kuanzia 2005 hadi 2008, Marekani na Canada, kwa sababu kompyuta zake zingeweza kupata nyufa kwenye maungio ya ndani na gari ikagoma kuwaka au ikazima. Yangu si ya aina hizo, lakini niliposoma nilielewa kuwa kisanduku hiki nacho ni kiumbe cha kuchoka.

Ukilazimika kubadilisha

Nambari ya kisanduku kipya ifanane na ya zamani, herufi kwa herufi. Ya gari ya gia za mkono usiichukulie kuwa inafaa kwenye otomatiki. Kama ufunguo wako una chipu, uliza mapema nani atauoanisha na kompyuta mpya, la sivyo gari haitawaka. Betri ichomolewe kabla ya kazi. Cha zamani ukidai, ni mali yako.

Yangu ilitoka Dar kwa basi, ya mtumba, nambari ileile. Pamoja na mpira wa kioo na kazi ya fundi, laki nne na ishirini. Ada ya skuli ikalipwa kwa wakati.

Na nyinyi wa kisiwani, msicheke mvua zetu. Kwenu kuna hewa ya chumvi, nayo inazila pini na nyaya vilevile. Mkiona ukoga wa kijani kwenye vichwa vya betri, mwambieni fundi aangalie na kwingine. Na zulia la gari likilowa, tafuteni maji yanapoingilia siku hiyohiyo.

Ufundi ni amana. Fundi mwema haoni tabu kukuonyesha, na kuuliza kwako si utovu wa adabu. Muulize kwa upole, kisha usimame uangalie mita inasoma nini.

Niambieni, nani kwenu ameshawahi kuambiwa "kimekufa" bila kupimwa? Nawasubiri hapo chini, na Mola awalinde njiani.