Namba ya zamani, simu mpya: laini ya mezani ikutane na Asterisk mjini Kisumu

Leo tuweke kando lugha za programu na hifadhidata, tuongee kuhusu simu. Ndiyo, simu. Tena ile ya mezani, yenye waya mbili zinazoingilia dirishani, ambayo wengi wenu mliizika zamani.

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikilisaidia duka moja hapa mjini linalouza vipuri vya injini za boti. Mwenye duka ni mama aliyepita miaka sitini. Wateja wake wako ufuoni: Dunga, Usenge, Luanda K'Otieno, Mbita, hadi visiwa vya Rusinga na Mfangano. Kuna kaunta mjini, stoo upande wa viwandani, na kijana mmoja anayeshughulikia wateja wa Mbita. Mama alitaka jambo moja tu: mteja akipiga na kaunta ina shughuli, stoo ipokee. Akiuliza habari za Mbita, ahamishiwe Mbita bila kuambiwa akate apige tena.

Kwa mtu wa kompyuta hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Unachukua kompyuta ndogo, unaweka Linux, unaweka Asterisk, unanunua namba ya VoIP, yaani simu inayopita kwenye intaneti, kisha unaenda kunywa chai. Ndivyo nilivyopendekeza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na namba yangu je?"

Namba yake inaanza na 057. Iko kwenye vitabu vya risiti, iko kwenye ubao wa duka, na wavuvi kadhaa wameiandika kwa rangi ndani ya boti zao, karibu na injini. "Nyathina," aliniambia, "mtu injini ikimzimikia ziwani hana nafasi ya kutafuta kwenye Google. Anasoma pale ilipoandikwa." Sikuwa na jibu. Basi kazi ikawa nyingine: mfumo uwe mpya, namba ibaki ileile.

Kwa nini namba haihami

Wengi wataniambia, "Si uhame nayo tu?" Kenya ilianzisha huduma ya kuhama na namba mwezi Aprili 2011, lakini ile ilikuwa ya simu za mkononi. Ukiwa na namba ya mkononi unaweza kubadilisha kampuni ukabaki na namba. Namba ya mezani haikuwemo kwenye mpango ule. Namba ya 057 imefungwa kwenye waya, na waya umefungwa kwenye kituo cha simu cha mtaa wenu.

Ubao wa duka hili una historia yake. Chini ya rangi mpya bado unaona 035, msimbo wa zamani wa Kisumu kabla ya 057. Laini ilivutwa enzi za shirika moja lililoshika posta na simu pamoja, lile lililogawanywa mwaka 1999 ikazaliwa Telkom Kenya. Wakati ule kupitisha sauti kwenye intaneti kulikuwa ndoto kwa mtu wa Kisumu. Intaneti ilipitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu yetu, na kwa umbali huo unasema "hujambo" na jibu linachukua zaidi ya nusu sekunde kurudi. Mambo yalibadilika mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia baharini. Kwa hiyo leo intaneti yetu inaweza kubeba mazungumzo vizuri. Kilichobaki ni kuupata ule waya wa zamani uingie ndani ya kompyuta.

FXO na FXS bila kizunguzungu

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo twende polepole. Laini ya simu ina pande mbili. Upande mmoja hutoa umeme na mlio: huo unaitwa FXS. Upande wa pili hupokea: huo unaitwa FXO. Tundu la ukutani ni FXS. Simu yako ya mezani ni FXO. Ukitaka kompyuta ishike laini ya kampuni ya simu, kompyuta lazima ijifanye simu, yaani iwe na tundu la FXO.

Zamani ulinunua kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta. Siku hizi kuna vijisanduku. Nilitumia Grandstream HT813, chenye tundu moja la FXO na moja la FXS, na upande wa pili kina waya wa mtandao. Kazi yake ni kutafsiri: kinachoingia kama umeme kwenye waya wa shaba kinatoka kama pakiti za SIP, lugha ambayo Asterisk inaielewa. Asterisk yenyewe, kwa wasioijua, ni programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999 nchini Marekani. Nimeiweka kwenye Raspberry Pi isiyozidi ukubwa wa kiganja, na kwa ofisi ya watu watatu inatosha na kubaki.

Laini ikiwa imetulia ina karibu volti 48. Simu ikiita, umeme wa kwenda na kurudi hupanda mara kwa mara, na kisanduku hutambua kwamba kuna mtu anapiga. Kinapokea na kumkabidhi mpigaji kwa Asterisk. Asterisk inaita kaunta kwa sekunde ishirini, kisha inaita stoo, kisha Mbita. Kijana wa Mbita hana kifaa maalum, ana programu kwenye simu yake ya mkononi. Jioni ya kwanza tulipiga namba ya 057 na zote tatu zikaita kwa zamu yake. Mama akacheka, akasema sasa duka lina masikio matatu.

Kazi iko kwenye kukata

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mteja akapiga, akaongea, akakata. Asterisk haikujua kwamba amekata. Laini ikabaki imeshikwa mpaka saa saba mchana, na kila aliyepiga kwa saa hizo tatu alisikia kwamba namba inatumika. Miongoni mwao alikuwa mvuvi wa Usenge aliyetaka propela. Jioni alimpata mama kwa njia nyingine na kumuuliza kama duka limefungwa.

Mtu akikata simu kwenye mitandao ya kisasa, ujumbe unatumwa: "nimekata". Kwenye waya wa shaba hakuna ujumbe wa namna hiyo. Vituo vingine hugeuza chanya na hasi kwa kitambo, vingine hukata umeme kidogo, na kisanduku kikiona hivyo kinaachia laini. Laini hii haifanyi lolote kati ya hayo. Inachofanya ni kupiga mlio, ule wa tii-tii-tii unaousikia mwenzako akishakata. Binadamu akiusikia anaweka simu chini. Kompyuta inapaswa kufundishwa kuusikia.

Na hapa kuna jambo la kufurahisha. Kisanduku kilikuja kutoka kiwandani kikiwa kinausubiri mlio wa Marekani: sauti mbili kwa pamoja, ya Hz 480 na ya Hz 620, nusu sekunde mlio, nusu sekunde kimya. Mlio huo Kisumu haupo. Ingesubiriwa hadi kesho.

Nilirekodi laini mtu wa upande wa pili akikata, nikafungua faili kwenye Audacity, nikatazama. Sauti ilikuwa moja tu, kwenye Hz 425 hivi, na ndivyo inavyotajwa pia katika sehemu ya Kenya ya faili la milio linalokuja na Asterisk. Nikapima urefu wa mlio na urefu wa kimya, nikaandika vipimo hivyo kwenye mpangilio wa kisanduku. Niliongeza sharti kwamba mlio urudiwe mara kadhaa mfululizo kabla ya kukata. Bila sharti hilo, mtu akipiga mluzi karibu na simu anaweza kujikatia mwenyewe.

Ndugu msomaji, kama hutakumbuka kingine katika makala hii, kumbuka hili: usiseme mfumo unafanya kazi kwa sababu simu iliita. Piga, ongea, kata, kisha piga tena mara moja. Rudia mara ishirini. Jaribu kukata upande huu, kisha upande ule. Jaribu kukata kabla hajapokea mtu.

Stima na radi

Simu ya mezani ina sifa moja tunayoisahau: umeme wake unatoka kituoni. Stima ikipotea mtaani, simu inaendelea. Mfumo mpya hauko hivyo. Ukikosa stima, Raspberry Pi, rauta na kisanduku vyote vinalala. Tuliweka UPS ndogo kwa vitu hivyo vitatu peke yake, si kwa taa wala televisheni ya duka. Pia simu ya zamani ya mama hatukuitupa. Tumeichomeka kwenye tundu la FXS la kisanduku, kwa sababu umeme ukiisha kabisa, kisanduku hiki huunganisha tundu hilo na laini moja kwa moja. Nilimwonyesha kwa kuchomoa kila kitu, kisha nikapiga. Simu nyekundu ikaita ofisi ikiwa haina stima. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuniamini.

Kuhusu radi, sitanii. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopigwa sana na radi duniani. Mchana upepo wa ziwa hupanda nchi kavu na mawingu hujengeka juu yetu. Usiku mambo hugeuka na ngurumo huhamia ziwani. Waya wa simu uliotundikwa kwenye nguzo ni mwaliko kwa radi. Ikipiga karibu, umeme utapita kwenye FXO, uingie kwenye swichi, na kuua kompyuta zote za ofisi. Weka kinga ya radi kati ya laini na kisanduku, na hakikisha kinga hiyo ina waya wa arthi unaofika ardhini kweli. Kinga isiyo na arthi ni pambo.

Mlango wa kuingilia tu

Laini moja ya shaba hubeba mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja, hata ukiweka ekstensheni mia nyuma yake. Wafanyakazi watatu wakipiga nje kwa laini hiyo, wateja hawaingii. Kwa hiyo tumeifanya kuwa mlango wa kuingilia. Simu za kutoka zinapitia laini ya VoIP, na namba ya 057 inakaa wazi ikimsubiri mvuvi.

Uamuzi huo unasaidia usalama pia. Seva yoyote ya simu iliyo wazi kwenye mlango 5060 wa intaneti haichukui muda kabla ya kuanza kubishiwa hodi na programu za wezi wanaokisia nywila. Wakiingia wanapiga namba ghali za ng'ambo usiku kucha, na bili inakuja kwa mwenye laini. Asterisk ya duka haionekani kutoka nje, kijana wa Mbita anaingia kupitia VPN, na namba yoyote inayoanza na 000 au alama ya kujumlisha inakataliwa. Mama hana mteja Ulaya.

Upande wa Mbita, intaneti ya simu ya mkononi huyumba. Kodeki ya G.711 ina sauti safi lakini inakula kilobiti 64 kwa sekunde, na zaidi ya 80 ukijumlisha vifungashio vya pakiti. Kwa Mbita peke yake nimetumia Opus, ambayo inaridhika na kidogo. Sauti inasikika vizuri, ila kuna siku inakatikakatika, na siku hizo Asterisk ikikosa jibu inampigia kijana kwa namba yake ya kawaida.

Sisi waandika programu tumezoea kuiona namba ya simu kama safu moja kwenye jedwali: ukitaka kuibadilisha, unaandika mstari mmoja na kazi imekwisha. Lakini jedwali la mama haliko kwenye seva. Liko kwenye mbao za boti, kwenye risiti zilizokunjwa mifukoni, na kwenye vichwa vya watu ambao hatuwezi kuwatumia ujumbe wa kuwaarifu. Hilo huwezi kulisasisha. Unachoweza ni kuhakikisha anayelisoma anapata jibu.

Kama ofisi yako bado ina laini yenye mlio, kabla hujanunua kifaa chochote fanya mambo matatu: rekodi mlio wa kukata, tafuta waya wa arthi, na ujue ni nani anayelipa bili ya laini na kwa jina la nani. Hilo la tatu si la kiufundi, lakini laini ikikatwa kwa bili ya mtu aliyehama zamani, Asterisk haiwezi kukusaidia.

Makala ijayo nitaeleza jinsi tulivyorekodi salamu za mpigaji kwa Dholuo na Kiswahili. Mpaka hapo, wasalaam.