Mstari mweupe katikati ya kioo

Tulikuwa karibu kutoa pesa zote za likelemba kwa ajili ya televisheni. Ni ile ya zamani, yenye mgongo mrefu, ambayo watoto wetu huangalia pamoja jioni umeme ukiwepo. Siku moja picha ilijikunja ikawa mstari mweupe mmoja tu, sauti ikabaki nzuri. Fundi wa kwanza, huku Birere, alisema kioo kimekufa, tununue nyingine.

Mama mmoja kati yetu akauliza: kama kioo kimekufa, mwanga wa huo mstari unatoka wapi? Fundi wa pili alicheka, akasema mama amesema kweli. Kilichoharibika ni sehemu inayotandaza picha juu na chini. Mara nyingi ni lehemu iliyopasuka. Akalehemu upya, picha ikafunguka.

Baadaye doa la zambarau likatokea pembeni. Hilo tulilimaliza wenyewe: tuliondoa bafle iliyokuwa kando, maana sumaku yake huvuruga rangi. Tukazima, tukaacha ipoe, tukawasha tena mara kadhaa, doa likaisha.

Lakini kuna jambo lililotutia woga. Tulipokuwa tunangoja fundi, kijana wetu wa miaka 12 alishafungua kifuniko cha nyuma. Alichomoa waya ukutani, akadhani inatosha. Kumbe kioo hicho huweza kushika umeme mkali hata baada ya kuchomolewa! Mkono wake ulikuwa umebakiza kidogo tu kugusa.

Bisibisi sasa inakaa kwa mama mwenye nyumba, kabatini, na ufunguo anatembea nao.