Usiku wa mwisho tulipwelewa Mkanda

KILA safari ya starehe ina siku yake ya kuanza kuhesabu pesa zilizobaki. Sisi siku hiyo ilitukuta Kiwayu, kisiwa chembamba kaskazini mwa visiwa vya Lamu, baada ya siku tano baharini.

Tulikuwa wanne, marafiki tangu chuoni, ndani ya mashua ya mzee mmoja wa Lamu na mwanawe. Faza tulipita. Siyu tulitazama ile ngome ya karne ya 19 na mafundi wa ngozi, nami nikanunua makubadhi yaliyonichubua vidole hadi leo.

Jumamosi nahodha alituamsha alfajiri. Kaskazi ilikuwa ikivuma vyema, upepo wa kuturudisha bila haja ya kubisha. Shaka yake ilikuwa Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, ambao chombo hupita maji yakijaa tu. Mwezi ulikuwa mpevu na maji ni ya bamvua. Yangejaa mwendo wa saa kumi jioni, kisha yatoke mbio.

Lakini mwenzetu mmoja, mhasibu, hakutaka kutoka majini. "Dakika kumi tu, jamani!" Dakika kumi zikazaa saa sita mchana.

Tulipoingia ghuba ya Manda jua lilikuwa likishuka. Taa za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021, zilikuwa zimeanza kuwaka. Mzee alizitazama akasema hapo ndipo alipokuwa akitega nyavu. Hakuongeza neno.

Katikati ya Mkanda mashua iligusa tope, ikasota kidogo, ikatulia.

"Tumepwelewa, wanangu," akasema. "Teremsheni tanga, tupike."

Msomaji, kama hujalala katikati ya mikoko, mbu wa huko hawajui dawa wala shuka! Tulikula wali wa nazi uliopikwa juu ya jiko la makaa ndani ya sanduku la mchanga, huku tukimkaripia mhasibu. Basi letu lingeondoka Mokowe asubuhi. Mwalimu alikuwa na darasa Jumatatu. Mimi nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Alitusikiliza mpaka tukachoka. Ndipo akasema kwamba kampuni yake ilimwachisha kazi miezi minne iliyopita, na Alhamisi angepanda ndege kwenda Saudia kuwa mlinzi. Mamake hajui. Pesa za safari hii alizikopa.

Hakuna aliyejibu. Kaa walisikika wakitembea topeni. Hatimaye mwalimu alisogea kwenye mkeka, akampa nafasi, na tukazungumza mpaka mwezi ukawa juu ya vichwa vyetu: habari za chuo, za mkopo, na nani atakwenda kumwona mama huyo Nakuru.

Saa tisa za usiku mashua ilitikisika. Mzee akashika usukani, kijana akasukuma kwa pondo.

Tulifika Mokowe basi likipiga honi. Nahodha aliushika mkono wa mhasibu, akamwuliza mkataba ni wa muda gani.

"Miaka miwili, mzee."

"Kaskazi mbili," akasema, kisha akainama kufua maji chomboni.