Kitu Kisichoelezwa Huogopesha



Juma lililopita mtoto mmoja wa darasa letu alikosa masomo siku 3. Tulipofika kwao tulimkuta na homa kali. Mama yake alituambia kwamba anteni ya telefoni iliyo karibu na shule ndiyo inayochoma damu ya watoto, kwa hiyo alimfungia ndani na kumnywesha majani. Tulienda naye kituo cha afya. Ilikuwa malaria. Mungu asifiwe, amepona. Lakini sisi walimu tulirudi na haya. Mtoto yule alikuwa ametuuliza kile chuma kinafanya kazi gani, nasi tukamjibu: «Kaa chini.»

Woga huu si wa Kasongo tu. Wazee wetu wanaijua njia ya Zanzibar tangu wakati wa Tippu Tip. Kule kisiwani, pa Tunguu, Wamarekani walijenga kituo cha anteni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, kituo kile kilikuwa kati ya vile vilivyomfuata. Chombo kilipita kwa dakika chache tu, kwa hiyo mafundi walipaswa kupima mashine mapema, tena na tena. Walipokea sauti yake na mapigo ya moyo wake. Roketi haikuwepo, lakini watu wengi kisiwani waliamini ni mahali pa makombora. Siasa nayo ikaingia. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, kituo kilifungwa mwaka ule ule.

Anteni yetu nayo hupokea sauti na kuituma, kama redio. Malaria huletwa na mbu.

Tumemwomba fundi anayekuja kutia mazutu na kuangalia mashine atuelezee kazi yake. Jumamosi, baada ya mkutano, atakuwa chini ya mwembe wa shule. Mama yule amekubali kuja, na swali la kwanza ni lake. Njooni na watoto, ulizeni yote, hata yale mnayoona aya kuyauliza.

Na tangu leo tukubaliane: mtoto akipata homa, tusingoje siku ya pili. Naye akiuliza, sisi walimu hatutamwambia tena akae chini.