Krismasi ya Sweta Iringa

Anayepanda Mbeya kutoka Dar es Salaam mwezi wa Desemba huelewa upesi kwa nini marundo ya sweta za mitumba pale Mwanjelwa ni makubwa. Mvua zimeanza, Mlima Loleza umejifunika ukungu, na asubuhi watoto hawataki kutoka blanketini. Iringa nako, kilomita kama 330 kutoka hapa, baridi ipo.

Krismasi iliyopita tulikwenda huko kwa mama yangu. Basi lilipoipita Makambako na kuingia kwenye mipaina ya Sao Hill, karibu na Mafinga, wanangu waliniuliza kama bibi atakuwa na mti wa Krismasi. Sikuwajibu. Ilikuwa Krismasi ya kwanza bila babu yao.

Kesho yake nikafanya kosa. Nilichukua sweta ya marehemu baba, ambayo mama huivaa alfajiri, nikaifua kwa maji ya moto na kuisugua kwa nguvu. Ilitoka imesinyaa, ya kumtosha mtoto wa miaka minne. Mama aliitazama, akaingia ndani. (Akina mama, sufu ni maji baridi tu! Nyuzi zake zina magamba madogo sana. Joto, sabuni na kusugua huyafanya yashikane, na hayaachani tena.)

Jioni mama alitoka na mkasi.

"Imeshakuwa kitambaa," alisema. "Kateni."

Kweli, kilikuwa kizito, tena hakifumuki kingoni, hivyo hata mtoto hukikata bila kuhitaji pindo. Tulichora nyota kwenye boksi la sabuni tukapata kielelezo, tukakata mbili mbili, tukazishona ukingoni kwa uzi mwekundu. Mdogo, ambaye sindano hajaiweza, alijaza vipande vilivyobaki ndani. Kondoo wa dada yake alitoka na miguu mitatu, na bibi alikataa katakata aongezwe wa nne. Zilizokamilika zilijaa kikapu cha milulu.

Ukitaka kujaribu, tafuta mitumbani sweta ya sufu halisi. Chomoa uzi mmoja uuunguze. Ukinuka kama nywele zilizoungua, ni sufu. Sweta ya nailoni haigandi, utapoteza sabuni bure.

Tawi la mpaina alitupa jirani. Mfuko mmoja wa sweta mama hakuruhusu tuukate. Anautumia kuwekea miwani yake.