Taa ya kijani, masufuria matupu

Najua nimepotea wiki mbili, mnisamehe, kichwa hakikuwa sawa. Leo acha niseme, maana wengine mmeshasikia nusu nusu huko vimbwetani.

Mnaujua ule mfumo wa oda tuliomtengenezea mama lishe wa nyuma ya hosteli. Unaoda usiku, alfajiri mama anafungua simu, anaona wali maharage sahani ngapi, ugali ngapi, ndipo anaenda sokoni. Seva tumekodi kwenye wingu, mashine yenyewe iko Frankfurt, diski GB 8 tu, hela ya mwanafunzi hiyo. Kazi ya kuiangalia nilipewa mimi. Na nilikuwa naiangalia kweli! Kila nikiamka nafungua ukurasa wa wenye seva: taa ya kijani, prosesa asilimia 4. Naringa.

Jumatano ile taa ilikuwa kijani vilevile. Mama akaona oda sita. Akadhani boom limekata, akapika kidogo. Saa 7 mchana watu wakamiminika, foleni mpaka mwembeni, masufuria matupu. Wengine wakamsema kwa sauti, mtu mzima yule.

Nikaingia ndani ya seva: diski asilimia 100. Siku ya presentesheni niliiwasha programu iandike kila inachofanya, sikuizima. Logi zikajaa mpaka databesi ikakosa pa kuandikia. Kusoma inasoma, kuandika imegoma. Ndiyo maana ukurasa ulifunguka na oda za mwanzo zikaonekana, mpya zikapotea. Mliojaribu mkadhani bando bovu.

Logi zinasema iligoma 19:10. Nikabisha, mbona saa 1 na nusu usiku niliweka oda yangu ikapita? Kumbe seva inahesabu UTC, sisi tuko mbele masaa matatu. Iligoma saa 4 na dakika 10, na wengi wetu tunaoda tukitoka kusoma, saa 5 huko.

Jamani, mwenye wingu anaiona mashine kwa nje. Chukua CloudWatch ya Amazon: yenyewe inapima prosesa na data inayoingia na kutoka, ila diski imejaa kiasi gani hujui mpaka uweke ajenti wako ndani.

Sasa kuna kiprogramu kinaweka oda ya uongo kila dakika 5, kinaisoma, kinaifuta. Kinakaa mashine nyingine kabisa, maana aliyezimia hapigi simu kusema amezimia. Ikishindikana mara 3 mfululizo simu yangu inalia. Mwanzo niliweka mara 1, mtandao ukikwama kidogo tu inalia, usiku mmoja ikalia mara tisa. Rumeti akatishia kuitupa dirishani, nikaizima, yaani nikarudi kulekule. Na diski ikifika asilimia 80 napata meseji.

Nilienda kumwomba mama radhi. Alikuwa anachambua mchele.

"Sasa mwanangu, ulikuwa unaangalia nini?"

Nikamwambia taa.

"Mi moto nauona unawaka vizuri tu, na wali umeungua."

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile oda anaziandika pia kwenye daftari, anapita mwenyewe hosteli jioni kuuliza. Mi kabla ya lekcha naenda kulinganisha. Leo daftari 43, seva 43. Hakusema kitu, ila aliniongezea maharage.

Haya nilale, kesho test saa 2.